Tatu Sufuri Tatu

Nguruwe hawasubiri malipo ya pili.
Usiku uleule wa mnada wa korosho
waliingia shambani kwangu Naipanga,
wakafukua mihogo matuta arobaini,
wakajilaza humohumo
kama wageni wa harusini.

Somoe alitazama, akakaza khanga.
"Debe tumepiga. Pilipili tumechoma.
Mbwa wa Nandule katumbuliwa.
Sasa sema wewe."
Akaenda zake kuteka maji.

Nikapiga simu duka la Dar es Salaam.
Kijana akataja bei. Nikamwomba arudie.
Akarudia, sauti yake haikutetemeka hata chembe.
"Ni mpya, mzee, na ina darubini."
Darubini ya nini, baba?
Nguruwe wangu yupo hatua ishirini,
namsikia anavyotafuna.

Basi nikatafuta ya kizamani,
tatu sufuri tatu,
ile iliyobaki, wasema watu,
Wazungu wa karanga walipoacha matrekta yaote majani.
Mtutu mrefu, kitako cha mbao, komeo la kuvuta kwa mkono.
Haina haraka, haina madoido.

Lionja nilionyeshwa gobori limefungwa waya.
Marambo, ndani ya mtutu mna nyigu,
na mwenyewe anataka laki tisa,
sijui na nyigu kawapigia hesabu.
Mnero, mwenye nayo kazikwa Jumanne,
mimi nikafika Alhamisi na baiskeli yangu;
nikakaa matangani, nikala wali wa watu,
sikuuliza kitu.

Ya Ruponda ndiyo iliyonikubali.
Ya marehemu bwana nyama, mume wa Binti Chinguile,
imelala kituo cha polisi miaka tisa
na kadi shingoni kama mtoto wa kliniki.
Afande akaitoa, akapuliza vumbi.
Nikavuta komeo. Likaja bila kelele,
kama mlango wa nyumba yenye mgonjwa.

"Laki nne," akasema mjane. Hakunitazama uso,
alinitazama mikono.
Ninayo tatu na ishirini.
"Leta hiyo. Lakini risasi ni tano tu,
na nyingine usijisumbue kuulizia.
Marehemu hakuwa mtu wa kupiga mara mbili.
Kila ganda alinirudishia, nikihesabu
najua mume wangu kapita wapi.
Na wewe utaniletea."

Nikaapa. Kuapa ni bure, karatasi ndizo zenye gharama:
barua ya mtendaji, muhuri, vidole vyote kumi kwenye wino,
kamati ya wilaya iliyoahirishwa mara mbili
kwa kuwa mwenyekiti yupo Lindi.
Mihogo ikaliwa yote. Tukapanda mingine.

Mvua zinaanza kunusa ndipo kitabu kikatoka.
Usiku wa tatu akaja, dume, peke yake,
mwezi umemkaa mgongoni.
Nikafyatua. Bega langu ndilo lililojibu kwanza.
Majani yakatulia, halafu yakakimbia.
Nikawasha tochi, nikapiga magoti,
nikatafuta, si damu,
ganda.

Ijumaa baada ya swala nikanyonga hadi Ruponda.
Aliligeuza kiganjani, akalinusa,
akalitumbukiza kwenye kopo la maziwa juu ya yale mengine.
Likalia mara moja.

"Nguruwe?"
"Kakimbia."

Kuku akapita kati yetu, akarudi.

"Hata marehemu," akasema, na nusu ya cheko
ikamponyoka, "ya kwanza aliikosa.
Ila hilo halijawahi kutoka humu ndani."